Mita Inayoishia na Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu mpenzi, Bwana Nukta,

Nimeandika "mume wangu" nikaweka kalamu chini nilitazame neno lenyewe. Leo ni siku ya ishirini na mbili ya ndoa yetu na bado likinitoka natabasamu peke yangu. Najua utanisahihisha kwamba zimetimia ishirini na moja na kitu, kwa kuwa tulifunga ndoa alasiri. Sawa, nimekubali, ishirini na moja na nukta zako.

Nimefika salama. Wapagazi walipandisha kitanda hadi ghorofa ya pili wakilalamika kila ngazi, na kwenye kona ya mwisho mmoja wao akaniuliza kama mwenye kitanda anaishi na tembo. Nikamwambia anaishi na mimi. Kisha nikaitandaza sakafuni ramani uliyonichorea, ile uliyoipima mwenyewe siku moja uliyokuja kupanga nyumba, nikawaonyesha pa kukiweka. Uliandika kitaingia kati ya dirisha na kabati na zitabaki sentimita sita. Nimepima kwa vidole. Vinapita vitatu bila kubanwa. Nilitaka kuwabusu wale wapagazi, lakini nimeolewa.

Sasa ukweli wa nyumba. Haina umeme na haina maji. Bomba la jikoni nikilifungua linakohoa mara moja na kunyamaza. Nateka maji nyuma ya gereji, mtaa wa pili. Ngazi zetu ni arobaini na sita, nimezihesabu nikiwa na ndoo, kwa hiyo naziamini.

Leo asubuhi nimekwenda ofisi ya maji. Nilikaa kwenye foleni ya dirisha la kwanza hadi wakanipeleka la tatu, na la tatu wakanirudisha la kwanza kuchukua fomu ya rangi nyingine. Karani wa dirisha la tatu ni mama mmoja mnene, mpole, anayezungumza na watu huku akitazama saa. Akaniuliza namba ya mita. Moyo wangu ukajaa raha, maana ulikwisha kuiandika pembeni mwa ramani kwa wino mwekundu, tarakimu zote tisa, inayoishia na nane. Nikamsomea bila kusita. Nikamwambia mume wangu ni mpima ardhi, hakosei namba. Akasema basi nina bahati, wa kwake hakumbuki hata mwaka aliozaliwa.

Wamesema nisubiri fundi. Ukija tarehe sita Aprili, nataka jambo moja tu: utoke kwenye vumbi la huko kambini, uingie bafuni, ufungue bomba kwa mkono wako na maji yatoke. Nimekuahidi na nitalitimiza.

Miguu inaniuma, lakini nakupenda hadi kwenye vidole vyake.

Mkeo,
Chiriku


Ijumaa, 8 Machi

Kwako Chiriku wangu,

Barua yako imefika Jumatano jioni na lori la chakula. Mtandao huku bado hakuna, na msimamizi anasema hautakuwepo kabla barabara hii haijaisha, kwa hiyo tutaendelea kumtegemea dereva.

Nimefurahi kitanda kimeingia. Lakini hizo ndoo zimeninyima raha. Kila nikikaa nakuona kwenye zile ngazi. Mimi ndiye niliyekutanguliza mjini peke yako, na mimi huku maji naletewa kwenye pipa. Tafadhali, katika barua ijayo niambie tu kwamba maji yametoka. Sihitaji kusikia zaidi ya hapo.

Kazi inaendelea. Tumevuka bonde, sasa tunapanda kilima. Jua ni kali.

Nakuomba kitu kidogo. Andika kwa herufi kubwa kidogo. Mwandiko wako ni mzuri lakini ni mdogo sana, na taa ya hapa ni hafifu.

Nakukumbuka saa zote.

Mumeo


Jumatatu, 11 Machi

Mume wangu,

Herufi kubwa nimekuwekea, utazame zinavyojivuna kwenye karatasi.

Umeme umewaka. Fundi wa umeme alikuja Alhamisi, mrefu, kofia imempwaya, akapanda juu ya meza yetu mpya na viatu vyake. Sikusema kitu kwa sababu nilitaka umeme kuliko meza. Alipobonyeza swichi na balbu ikawaka nilipiga makofi, akaniangalia akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia natoka fungate. Akacheka mpaka akashuka mezani kwa kukosea.

Maji yametoka.

Yanatoka vizuri. Naosha vyombo, naoga, nimepiga deki vyumba vyote viwili. Natumia kwa uangalifu, ndoo mbili kwa siku zinanitosha. Usiwaze tena habari ya ngazi.

Nimeshona pazia la chumbani, la bluu. Dalali aliyetupangisha alipita akasema halifanani na ukuta. Nikamwambia halikununuliwa kwa ajili ya ukuta. Jioni nakaa chini ya balbu yangu, mabega yameniuma, nasoma barua yako na kujaribu kusikia sauti yako ndani yake. Fupi, lakini naisikia.

Nimechoka leo, sijui kwa nini. Labda ni furaha.

Mkeo anayekusubiri,
Chiriku


Ijumaa, 15 Machi

Kwako mke wangu mpenzi,

Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Mkono wangu wa kulia umevimba kidogo, niliugonga kwenye mlango wa gari, si jambo kubwa. Nimemwomba mpishi wa kambi aniandikie. Mwandiko wake ni safi kuliko wangu.

(Shemeji, ni mimi mpishi. Ni kweli mwandiko wangu ni safi.)

Nimefurahi mno kusikia habari ya maji. Nilijua siku saba zitatosha. Namba ikiwa sahihi, ofisi haina la kusema. Hata usingizi umerudi.

Kazi ya kupima inakwenda vizuri. Kilima tumekimaliza. Msimamizi ameridhika na vipimo vyangu.

(Bwana amenyamaza hapa muda mrefu, nikadhani amemaliza.)

Niambie zaidi habari za pazia. Nasikia raha kukusikia ukieleza rangi. Nikija nataka unitembeze nyumba nzima na kunieleza kitu kimoja kimoja, hata kijiko.

Mumeo

(Shemeji, nisamehe kuongeza la kwangu, Bwana amekwisha toka nje. Nakupongeza kwa mume mwema. Hana maringo ya wapima wengine. Wiki hii nzima amekaa nami jikoni akinimenyea viazi, gunia zima, tena kwa kupapasa tu na haachi ganda hata moja. Mpishi.)


Jumatatu, 18 Machi

Mume wangu,

Nimeanza barua hii mara tatu. Sasa nimeamua kuandika kama ilivyokuwa.

Nilikudanganya. Maji hayakutoka. Uliniomba nikuambie yametoka, nikakuambia. Zile ndoo mbili kwa siku ni ndoo za nyuma ya gereji, nikizipandisha mwenyewe, na mabega hayakuniuma kwa furaha.

Alhamisi niliporudi sokoni nilikuta karatasi ya ofisi ya maji imechomekwa chini ya mlango: fundi amefika, mita imefunguliwa. Niliacha mboga mlangoni nikakimbilia bomba la bafuni. Likakohoa mara moja na kunyamaza. Nikaenda la jikoni, vilevile. Nikakaa kwenye ukingo wa bafu na karatasi yangu yenye muhuri. Ndipo nikasikia maji. Yalikuwa juu ya kichwa changu, yanamwagika kweli, na mtu anasugua sakafu kwa nguvu kama anayegombana nayo.

Ghorofa ya tatu anaishi bibi mmoja mshonaji. Ana zaidi ya miaka sabini, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani na anataka kila mtu amwone akitunga. Alishuka jioni ile ile, mikono bado imelowa, akanishika mabega. Akanieleza kwamba mita ilikuwa kwa jina la marehemu mumewe. Alipofariki, ofisi ikaifunga, na kila akienda kuomba ifunguliwe wanamtaka mwenye jina afike mwenyewe. Akawaambia akifika mwenyewe wao ndio watakaokimbia. Miaka miwili amebeba maji, kwa umri ule, ngazi zaidi ya sitini. Alhamisi akasikia bomba linaunguruma. Akaniuliza kama najua ni nani aliyemkumbuka, maana anataka kumwombea.

Nilichukua ramani yako nikashuka uani. Mita zote sita ziko ukutani chini ya ngazi, zilinunuliwa pamoja, namba zinafanana isipokuwa tarakimu ya mwisho. Yetu ina jina la nyumba yetu limepakwa rangi juu yake. Inaishia na tatu. Inayoishia na nane ni ya bibi.

Mume wangu, hata kitanda ulikipimia sentimita sita. Nilisimama pale uani muda mrefu na kidole changu juu ya ile tatu. Halafu nikapanda nikatoa barua zako zote, hata zile za kabla ya harusi, nikazipanga mezani kwa tarehe. Mistari inapanda juu. Herufi zinakua. Ya mwisho uliyoandika kwa mkono wako, maneno mawili yameandikwa juu ya mengine.

Mkono uliovimba unamenyaje gunia la viazi?

Sikuulizi kwa hasira. Nakuuliza kwa sababu niko peke yangu na ramani yako na sijui niiamini wapi. Niambie unaona nini.

Mkeo


Ijumaa, 22 Machi

Mke wangu,

Naandika mwenyewe. Nisamehe mistari.

Naona mwanga. Naona mtu amesimama lakini sijui ni nani mpaka aseme. Karatasi hii naiona nyeupe, na maneno yako nasomewa na mpishi. Alipofika kwenye viazi aliniomba msamaha, akaenda kukaa nje.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa wilaya alishangaa kwa umri wangu. Alisema kuna upasuaji huko mjini. Sikutaka kusikia habari ya kisu kwenye jicho.

Sijashika chombo cha kupimia tangu wiki tatu kabla ya harusi. Niliweka vigingi ishirini, barabara ikaelekea kwenye nyumba ya mtu. Msimamizi alinitoa kwa siri ili nisiaibike, nikawa mtu wa stoo, na stoo nikakosea kusoma maboksi, nikawa mtu wa viazi. Kazi niliyokuambia nimepewa makao makuu ni ya mezani, nayo wanasubiri kuona macho yangu kwanza.

Nilipopanga nyumba ile nilipima kwa utepe wenye namba kubwa. Za mita zilikuwa ndogo na uani kulikuwa na giza. Niliona nane. Niliandika nane kwa wino mwekundu.

Nilitaka kukuambia kabla ya ndoa. Kila siku nilisema kesho. Ulikuwa unanitazama vile unavyonitazama, na nilikuwa bado naweza kukuona ukinitazama. Niliogopa kupoteza vyote viwili.

Mumeo


Jumatatu, 25 Machi

Mume wangu,

Nimepokea.

Wiki tatu kabla ya harusi. Nimezihesabu siku. Ni siku ile tuliyokwenda pamoja kuchagua pete, ukamwambia sonara achague yeye, nikadhani ni upole.

Sina maneno wiki hii. Ndoo bado nabeba.

Mkeo


Ijumaa, 29 Machi

Kwako mke wangu,

(Shemeji, ni mimi mpishi, naandika, na safari hii sitaongeza langu.)

Barua yako nilisomewa mara moja tu. Sikutaka mpishi airudie.

Ulichukua mpima ardhi ukapata mmenya viazi. Ukitaka kurudi kwa mama yako, rudi, na mimi nitamwambia mwenyewe kwamba kosa ni langu. Usiendelee kubeba ndoo kwa ajili ya bomba nililokuharibia.

Lori litaniacha hapo mtaani Jumamosi tarehe sita, saa nne asubuhi, kama ilivyopangwa. Nikikuta mlango umefungwa nitaelewa, nitakaa kwa mshikaji mmoja wa makao makuu mpaka nijue la kufanya.

Nilitaka tu nifike nikiwa mtu ambaye ulimsubiri.

Mumeo


Jumatatu, 1 Aprili

Mume wangu mpenzi,

Mwambie mpishi anisamehe kwa kuandika herufi kubwa hivi. Simwandikii yeye. Karatasi zimekwenda nne, na kama utazisogeza puani huku umeelekea juani, nadhani utasoma mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja kwa siku. Huu ndio mstari ambao nataka uusome mwenyewe:

MLANGO HAUTAFUNGWA.

Yanayofuata asome mpishi.

Niliumia, sitaki kukuficha, tumeficha vya kutosha. Sikuumia kwa macho yako. Niliumia kwa siku zile zote ulizokaa na hofu karibu yangu na mimi nikaimba tu. Siku nne sikuzungumza na mtu. Bibi wa juu alidhani naumwa, akateremsha mpira wa maji dirishani kwake hadi kwenye ndoo yangu jikoni, akaita kwamba aliyeolewa juzi hapaswi kuwa na uso kama wa foleni. Nikamweleza yote, hata ya ile nane. Akasema waje wafunge, yeye amezoea ndoo, nyumba ya vijana haiwezi kukaa kavu kwa ajili yake.

Jumatano nikamshika mkono tukaenda ofisini. Ngazi zile zote, na foleni, na yeye akiwasalimia watu kama yuko harusini. Dirisha la tatu, yule mama karani akafungua faili, akatazama saa, akasema kuna mita iliyofunguliwa kimakosa, ni lazima ifungwe kwanza ndipo yetu ifunguliwe. Akaniuliza ni nani aliyeandika namba hii.

Nikasema, "Mimi."

Akaniangalia vizuri. Akasema siku ile nilimwambia mume wangu hakosei.

"Hakosei," nikamwambia. "Nilisoma vibaya mimi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo, mume wangu. Au najua. Nilikuwa bado nina hasira nawe tangu kisogoni hadi visiginoni, na hata hivyo sikuwa tayari mtu wa dirishani akuguse. Tulipotoka pale hasira ilikuwa imepungua nusu, na nusu nyingine niliiacha kwenye ngazi zao.

Bibi akaeleza habari ya marehemu mumewe kwa mara ya sijui ngapi. Yule karani safari hii akasahau kutazama saa. Akatoa fomu ya kijivu ambayo miaka miwili hakuna aliyemwambia bibi kuwa ipo. Inamtaka jirani mmoja wa jengo lilelile athibitishe kwa sahihi kwamba mwenye maji ni yeye na anaishi pale. Nikatia sahihi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika jina langu na lako pamoja kwenye karatasi ya serikali, na niliandika nikiwa nimechoka, nina njaa, nimesimama, na likapendeza.

Kwa hiyo mita inayoishia na nane haitafungwa. Sasa ni ya bibi kwa jina lake. Ulisoma vibaya na bibi anaoga. Fundi wetu alikuja Jumamosi, nikashuka naye uani, nikaweka kidole changu kwenye ile tatu na sikukiondoa mpaka alipomaliza. Maji yametoka. Safari hii si barua inayosema, ni mimi.

La macho. Bibi anayetunga sindano bila miwani alipasuliwa jicho la kushoto mwaka juzi, na la kulia mwaka jana. Nimekwenda naye hospitali yake. Hawakuniahidi kitu, wamesema wakuone kwanza. Utaonwa Jumatano tarehe kumi. Kisu kinakutisha, najua. Nitakaa mlangoni na utanisikia nikiongea, maana sijui kunyamaza.

Sasa sikiliza nyumba. Wewe ulinichorea kwa mita, mimi nakuchorea kwa miguu. Mwambie mpishi akusomee mpaka uishike kichwani.

Lori litakuacha mbele ya gereji. Nitakuwa hapo, lakini sitakushika mkono mpaka uniombe. Geti ni la chuma, lina kutu upande wa kulia. Ngazi arobaini na sita: kumi na mbili, kona, kumi na moja, kona, kisha hivyo hivyo tena. Ukuta wa kushoto unakwaruza, ukifika panapoanza kuwa laini, hapo ndipo kwetu, nimepapaka rangi mwenyewe. Ndani ya mlango, hatua tano mbele ni meza. Pembeni yake utakuta alama za viatu vya fundi wa umeme, zipapase ucheke. Pazia la bluu liko kulia, ni jepesi, litakugusa kabla hujaligusa. Bluu yake ni ile ya shati ulilovaa ulipokuja kunichumbia.

Bafu liko kushoto, hatua nne. Bomba linavuja kidogo, tone moja kila ukivuta pumzi mbili. Fundi bomba alitaka kulikaza leo. Nimemwambia aje Jumatatu ijayo, Jumamosi nina kazi nalo.

Usihesabu chochote ukifika, Bwana Nukta. Simama mlangoni, vua viatu, usikilize. Nenda linapodondoka. Ufungue kwa mkono wako.

Mkeo,
Chiriku